Kukaa Dawati Moja na Veronika

Enzi zetu, mkoa huu ukiwa bado haujaitwa Manyara na sisi tukihesabiwa Arusha, shuleni hapakuwa na mtu wa kukuuliza unajisikiaje. Ulichapwa, ukachekwa, ukanyang'anywa kiazi chako, na kengele ilipogongwa uliingia darasani na walewale waliokunyang'anya. Wenzangu mliosoma miaka ile mnanielewa. Dawati moja watu wanne. Penseli moja inakatwa vipande vitatu kwa wembe ili ndugu watatu wasome. Kifutio ni kipande cha kandambili, na kikiwa cha rangi ya bluu kinaacha daftari na wingu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na kiranja aliyekabidhiwa kuigonga alitembea kama mkuu wa wilaya.

Nasema haya nikiwa na haki ya kuyasema. Mimi ni binti wa mfugaji wa Kibarbaig, nimezaliwa tambarare, kwenye nyumba ya miti na udongo iliyozungukwa na boma la miiba. Leo nina diploma ya afya ya mifugo niliyoisomea Morogoro. Nimefanya kazi katika mikoa minne, na nimerudi Hanang kwa hiari yangu, si kwa kusukumwa na maisha ya mjini kama baadhi ya watu ninaowajua. Nina duka la dawa za mifugo Katesh. Nina nyumba ya tofali yenye bati jekundu inayoonekana kutoka barabarani, na ukiuliza mtu yeyote atakuonyesha. Sijisifu, nasema kilichopo. Ila watu wakiniuliza nimefikaje hapa, wanategemea nitaje walimu na vyuo. Mimi huwataja wanawake wawili. Wa kwanza ni mama yangu, ambaye hadi leo hajui kusoma hata jina lake. Wa pili ni Veronika, aliyenitesa darasa la nne.

Nianzie nyumbani. Kwetu tambarare asubuhi ilianza kwa harufu. Mama alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na moshi ule ukichanganyika na maziwa yaliyolala unapata ladha ambayo sijaikuta kwenye pakiti yoyote ya dukani, na nimezijaribu nyingi. Sisi watoto wadogo tulichunga ndama karibu na boma. Mchezo wetu ulikuwa mawe: jiwe jeusi dume, jiwe lenye mabaka ng'ombe wa maziwa, vijiwe vidogo ndama, na ukiibiwa jiwe moja unalia kama umeporwa zizi zima. Ziwa lilikuwa mbele yetu, na Mlima Hanang ulikuwa juu yetu siku zote, ukivaa wingu tunajua leo tujifunike. Baba alikuwa na watoto wengi na ng'ombe wengi zaidi. Ng'ombe aliwajua wote kwa majina bila kukosea. Sisi alikuwa anatuchanganya.

Shule ya karibu ilikuwa na vyumba viwili na iliishia darasa la tatu. Baada ya hapo watoto wa kwetu walirudi kuchunga. Mama alikataa. Mwezi mzima alimpelekea baba maziwa yake na kumuuliza swali lilelile, "Huyu naye atapanda mlimani lini?" Hakupiga kelele, hakununa. Aliuliza tu, kila siku, mpaka baba akachoka kuyanywa yale maziwa na lile swali pamoja, akasema basi aende kwa shangazi yake.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa na mkulima wa Kimbulu huko juu upande wa Gitting, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kwetu. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimechanjwa uso kwa desturi yetu, yale madoa madogo yanayopangwa duara kuzunguka macho. Mama alikuwa amenishika kichwa mapajani, na mimi sikutoa machozi. Wanawake wa boma walikuja kunitazama wakasema mduara umekaa sawasawa kama umepimwa. Kwa hiyo nilipanda mlima nikijua mimi ni mrembo.

Huko juu kila kitu kilikuwa kigeni kwangu. Ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Mashamba ya ngano, maharage na viazi yamepandana hadi huwezi kuona mahali pa kupitisha hata mbuzi watano. Mume wa shangazi alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, aliyeniwekea kiazi changu kwenye majivu kila asubuhi niende nacho shule kikiwa cha moto, kinipashe mikono njiani. Makande ya shangazi yaliiva kwa saa nyingi mpaka harage linapasuka lenyewe mdomoni. Sikuwa na shida nyumbani. Shida ilikuwa shuleni.

Siku ya kwanza mstarini, kabla mwalimu wa zamu hajafika, msichana mmoja mrefu mwenye sweta la kijani alitoka kwenye mstari wake akaja mbele yangu, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, kama anayekagua mbuzi mnadani. Huyo ndiye Veronika, binti wa mkulima mwenye shamba kubwa la ngano, mwenye mabega ya kubeba debe la maji bila kulishika.

"Jamani," akasema, "huyu mwenzetu amekuja na miwani!"

Shule nzima ikacheka. Kuanzia siku ile jina langu likafa. "Miwani, hebu tuangalizie kama mvua inakuja." "Miwani, vua basi, mwalimu anaingia." "Miwani, kule kwenu ng'ombe nao wanavaa?" Kulikuwa na wasichana wawili waliomfuata Veronika popote, na kazi yao ilikuwa kucheka. Siku nyingine waliniita Mang'ati, jina ambalo kwetu ni tusi. Siku nyingine walikuwa wanaziba pua nikipita, wanasema nanuka samli. Na kweli nilikuwa nanuka samli! Mama alinipa chupa nzima nijipake, ngozi isipasuke kwa baridi. Nikaacha kujipaka, ngozi ikapasuka, wakasema nina magamba.

Nikawa hodari wa kujificha. Nilikuwa nafika wakati mstari umeshaanza kuingia darasani, naondoka kabla vumbi la wenzangu halijainuka. Nilikaa dawati la mwisho kabisa, kwenye kona inayovuja. Wakati wa mapumziko, wenzangu wakicheza rede na kuruka kamba, mimi nilikuwa nakula kiazi changu nyuma ya jiko la shule nikiwa nimesimama, tayari kukimbia. Unajua nini kilitokea? Kadiri nilivyojificha ndivyo walivyonitafuta. Kunitafuta ikawa ndio mchezo wenyewe. "Miwani yuko wapi leo?" nasikia sauti ya Veronika inazunguka jiko, na mimi nazungukia upande wa pili, kiazi mkononi.

Mara ya kwanza nilitoroka baada ya wiki tatu. Nilishuka mlima nikalia njia nzima. Baba alicheka, akanipa maziwa, kesho yake akanirudisha na kaka yangu. Mara ya pili nilitoroka baada ya wapambe wa Veronika kulitupa daftari langu chooni. Safari hii baba hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni pa zizi akinoa kisu, hakuinua hata macho.

"Umerudi mara mbili," akasema. "Ukirudi mara ya tatu usihangaike kuondoka tena. Ndama wapo wanakusubiri. Na kuna mzee wa ng'ambo ya ziwa ameshaniuliza una miaka mingapi."

Mzee yule nilimjua. Alikuwa na wake wawili na meno machache. Nilimtazama mama. Mama aliendelea kukamua.

Kesho yake asubuhi baba aliletewa ng'ombe mgeni, jike jekundu, alilobadilishana na jamaa yake wa upande wa Basotu. Wafugaji mnajua kinachompata ng'ombe mgeni. Alipoingizwa tu, kundi lote lilinyanyua vichwa. Halafu lile jike letu lenye pembe zilizoelekea mbele, ambalo ndilo lililokuwa na kiburi kuliko yote, likamwendea, likarudi nyuma hatua mbili, likampiga pembe. Mgeni akakimbia. Akikimbia wanamfukuza, akisimama nyuma ya kundi hata ndama wakubwa wanakwenda kumjaribu. Hadi jua linapanda alikuwa na michubuko kwenye mbavu na hajagusa majani.

Mama akaniita. "Njoo na kamba."

Nilidhani atamfunga pembeni, mbali na wenzake, apumzike. Ndivyo ningefanya mimi. Mama alimfunga kamba ya shingo akamvuta, mgeni anagoma, mama anavuta, tukapita katikati ya kundi mpaka kwa lile jike lenye kiburi. Akamsogeza ubavu kwa ubavu, nywele kwa nywele. Jike likageuza kichwa kutaka kupiga. Halikuweza. Lilijaribu kurudi nyuma, mama akarudi nalo na mgeni wake. Likasogea mbele, mama akasogea. Tulizunguka hivyo asubuhi yote. Walikunywa maji kwenye kihori kimoja midomo ikigusana. Mchana mama akafungua kamba, na yule mgeni mwenyewe, bila kuvutwa, akabaki palepale ubavuni akila majani.

Mama akajifuta mikono kwenye nguo yake ya ngozi, akaniambia kwa lugha yetu, maneno ambayo nayakumbuka kama nayasikia sasa:

"Mwenye kupiga pembe anahitaji nafasi ya kurudi nyuma. Ukikaa mbali unampa nafasi. Ukimgusa ubavu, atapigia wapi?"

"Mama, wale si ng'ombe."

"Kwani wao hawana mbavu?"

Akanifungia kibuyu cha maziwa. Hakunikumbatia, hakuniambia mimi ni wa thamani, hakuniambia nijiamini. Siku hizi kuna watu wanalipwa kuyasema maneno hayo ukumbini, na vipaza sauti juu. Mama alinifungia kibuyu, akasema, "Nenda, giza lisikukute njiani." Nimesoma kwa walimu wenye digrii mbilimbili, na sijakutana na mwalimu aliyenifundisha jambo kubwa kwa maneno machache kiasi kile.

Jumatatu nilifika shule mapema. Niliingia darasani nikapita kona yangu inayovuja, nikaenda hadi dawati la pili kutoka mbele. Veronika alikuwa amekaa katikati, wapambe wake kulia na kushoto. Nikamgusa bega yule wa kushoto.

"Sogea."

Alisogea kwa mshangao, nadhani. Nikajipenyeza, nikakaa, bega langu likagusa lile sweta la kijani.

"Miwani, umepotea njia?" Veronika akauliza.

"Hapana. Nimekuja kukaa."

"Hapa?"

"Hapa."

Mwalimu akaingia, mambo yakaishia hapo. Wakati wa mapumziko alitoka, nikatoka naye. Akaenda kuchota maji, nikaenda na ndoo yangu. Akaingia foleni ya uji, nikasimama nyuma yake, kikombe changu kinagonga chake. Alikwenda chooni, nikamsubiri mlangoni. Nilikuwa nafuata maelekezo ya mama kama mtu anayesoma karatasi ya dawa.

"We Miwani, umekuwa mkia wangu?" akaniuliza Jumanne, amekasirika kweli. Na hapo wapambe wake wakacheka. Lakini ndugu zangu, safari hii hawakunicheka mimi. Veronika aligeuka akawatazama, wakanyamaza, na mimi nikaona kitu usoni kwake ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa hajui afanye nini.

Usidhani ilikuwa rahisi. Alinifinya chini ya dawati hadi mkono ukawa na alama za bluu. Aliniambia maneno mabaya sikioni. Lakini tusi la sikioni halina watazamaji, na Veronika bila watazamaji alikuwa kama mwimbaji anayeimba kwenye shamba la maharage. Kufika Alhamisi alikuwa ananong'ona, "Sogea kidogo basi, nashindwa kuandika," na hilo si tusi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kusiriba madarasa. Mnakumbuka? Wasichana tunaleta mavi ya ng'ombe kwenye ndoo, wavulana wanaleta maji na majivu, sakafu ya udongo inasiribwa ili vumbi lilale na viroboto wahame. Tulikuwa tumemwaga mavi yetu rundo moja uani. Nilikuwa nimeinama ubavuni pa Veronika nikichanganya, shule nzima iko nje, na nadhani ndipo uvumilivu wake ulipokwisha. Alinyanyuka ghafla, akarudi nyuma hatua mbili, akanisukuma kwa mikono yote. Nikaingia kwenye rundo kifudifudi.

Kicheko cha siku ile sijawahi kukisikia tena maishani. Walimu wenyewe walichungulia madirishani. "Miwani imechafuka!" mtu akapiga kelele. "Ifutwe!" Niliinuka, mavi yananitiririka kichwani hadi shingoni, na kupitia kope zilizogandamana niliona geti. Halikuwa na mlango, ni nguzo mbili tu. Katikati ya zile nguzo ilionekana tambarare yote ya kwetu, chini kabisa, na ziwa linang'aa. Miguu ikaanza kwenda yenyewe. Nilitembea kuelekea kwenye zile nguzo, na kicheko kinanisindikiza. Nilipofika nikashika nguzo moja kwa mkono.

Mara ya tatu. Nikimaliza hatua moja hapa, ni mara ya tatu. Nikamwona yule mzee wa ng'ambo ya ziwa, nikamwona baba hainui macho, nikamwona mama aliyeuliza swali lilelile mwezi mzima. Nikajifuta macho kwa kiganja. Na kwenye kujifuta nikanusa mkono wangu.

Jamani, yale yalikuwa mavi ya ng'ombe! Mimi nimezaliwa kwenye nyumba iliyosiribwa kwayo. Nimetambaa juu yake, nimelala juu yake, kwa mikono yangu nimesiriba sakafu ya mama tangu nikiwa na miaka sita. Veronika alikuwa amenisukuma kwenye kitu pekee katika shule ile nzima ambacho nilikuwa nakijua kuliko wao wote. Pale getini nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu, kwa nguvu, na waliokuwa wananicheka wakaanza kunyamaza mmojammoja, maana hawakujua nacheka nini.

Nikarudi. Nilitembea moja kwa moja hadi kwenye rundo, Veronika amesimama palepale. Nikainama, nikachota mchanganyiko wake kiganjani, nikautazama ukichuruzika katikati ya vidole.

"Maji mengi," nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Nani kachanganya hivi? Hii itabanduka Jumatatu. Lete majivu."

Hakuna aliyesogea.

"Veronika, lete majivu. Unashangaa nini? Hujawahi kuona mtu amevaa miwani?"

Ndipo shule ikacheka kicheko cha pili, na hicho kilikuwa changu. Veronika mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika magoti. Halafu akaleta majivu. Niliingia darasani nikaanzia ukuta wa mbali, nikasiriba kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, narudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na Veronika ananipokeza. Mwalimu wetu wa darasa alikuja akasimama mlangoni. "Hii ni sakafu au ni mkeka?" akauliza. Tangu Ijumaa ile mpaka namaliza darasa la saba, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kusiriba shule nzima. Hicho kilikuwa cheo changu cha kwanza, na nasema bila aibu kwamba hakuna aliyekifanya vizuri kuliko mimi.

Lakini kazi ya mama sikuwa nimeimaliza. Yeye alimkalisha mgeni ubavuni hadi kwenye maji. Kwa hiyo jioni ile, nikiwa nimeoga kisimani na nguo bado mbichi, nilimfuata Veronika hadi kwao. Hakunifukuza. Tulitembea bega kwa bega mpaka mlangoni. Mama yake alikuwa anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. We Veronika, mbona hukuniambia una rafiki?"

Veronika alichukua kisu, akaanza kumenya naye. Mama yake alinivuta karibu na moto, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Nani alikuchanja?"

"Bibi mmoja wa kwetu."

"Ana mkono mzuri. Njoo uone, Veronika. Ona duara lilivyokaa sawa. Hata wewe ukipanda maharage hupati mstari kama huu."

Veronika akaja, akatazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama kweli. Tulikula viazi na maziwa mgando kwenye bakuli moja, na nilipoaga akanisindikiza hadi njia panda.

"Jumatatu usikae kushoto," akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi naandikia kushoto. Unanigonga mkono. Kaa kulia."

Shule ilipofungwa nilishuka tambarare. Baba alikuwa mlangoni pa zizi. Akanitazama, akahesabu kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu.

"Likizo, baba. Shule imefungwa," nikasema haraka, na nikampa karatasi ya matokeo. Hakujua kuisoma, akaishika juu chini. "Wa ngapi?"

"Wa tano. Kati ya sitini na mbili."

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la shuka yake. Wiki ile yule mzee wa ng'ambo ya ziwa alikuja, akakaribishwa maziwa, akaulizia tena umri wangu. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nikamsikia baba akijibu kwa sauti yake ya kuuzia ng'ombe, ile isiyopunguza bei: "Huyo bado anasoma." Mama alikuwa ananichambua nywele. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Mengine mnayajua au mtayasikia kwa watu. Sekondari nilikwenda, na Veronika alikwenda, dawati moja, yeye kushoto na mimi kulia. Leo analima ngano ekari ambazo wanaume wengi wa Gitting hawana, ni mwenyekiti wa kitongoji chake, na akija dukani kwangu kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe anaomba apunguziwe bei kwa sababu, anasema, yeye ndiye aliyenisomesha. Mama nimemjengea nyumba ya tofali. Anahifadhia humo mahindi, yeye analala kwenye nyumba yake aliyoizoea. Nikipeleka wageni kutoka mjini anawaonyesha ng'ombe kwanza, halafu mimi.

Naishi na binti wa kaka yangu, Neema, yuko kidato cha pili. Mtoto mzuri, ana akili, ila ni wa zama zake. Simu ikiisha chaji anatembea nyumbani kama amefiwa. Viroboto anawajua kwa picha. Nilimwambia tulikuwa tunasiriba darasa kwa mikono, akaniuliza, "Shangazi, bila glavu?"

Mwezi uliopita aliacha kula. Nikamwita, nikamuuliza, akanipa simu. Kuna kundi la wanafunzi humo, na kuna mtu anaandika kuhusu yeye, kuhusu rangi yake, kuhusu kwao tambarare, kuhusu bibi yake anayevaa ngozi. Chini yake watu arobaini wameweka vikatuni vya kucheka. Damu ikanichemka. Nikafurahi pia, nakiri, kwa sababu ugonjwa huu dawa yake ninayo. Nikamsimulia yote, ng'ombe mwekundu, kamba, dawati, mpaka mavi. Alicheka, akafuta machozi.

"Kwa hiyo kesho," nikamwambia, "unakwenda kukaa na huyo msichana. Ubavu kwa ubavu. Anakaa dawati gani?"

"Sijui, shangazi."

"Anakaa mtaa gani?"

"Sijui. Hana jina wala picha. Ni namba tu. Anaweza akawa hata mvulana. Anaweza akawa hata mtu ninayekaa naye."

Nilishika ile simu nikaigeuza nyuma na mbele. Diploma yangu iko ukutani, na haikunifundisha namba ina ubavu wapi. Nilimwekea chakula upya, nikavuta stuli nikakaa karibu yake, bega kwa bega, mpaka akaanza kula. Ndicho nilichoweza. Enzi zetu tuliteswa sana, siwezi kudanganya. Lakini aliyetutesa tulimjua kwa jina la ukoo, tulijua kwao wanalima nini, na akitutukana tulisikia mdomoni mwake harufu ya uji alioshinda nao.